Akirudi kutoka Kasapa: majibu kwa wasomaji wetu wa Lubumbashi

*Mtoto wangu alikatiwa miaka mitatu kwa wizi, yuko Kasapa, gereza kuu la hapa Lubumbashi. Wengine wananiambia anaweza kutoka mbele ya wakati. Ni kweli? – Mama, Katuba*

Mama, ni kweli, ila hawezi kuidai kama haki. Ni ruhusa anayopewa. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, dekre ya tarehe 30 Januari 1940, inakubali mfungwa afunguliwe kwa masharti akimaliza robo ya kifungo, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Aliyefungwa maisha lazima awe amepita miaka 5. Kwa mtoto wako robo ni miezi 9, na siku alizozuiliwa kabla ya hukumu zinahesabiwa zote. Mkuu wa gereza na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) hutoa maoni yao, kisha uamuzi hutoka juu, kwa waziri wa sheria.

Anzia kwenye grefe ya gereza, yaani ofisi ya karani. Hakikisha nakala ya hukumu imo katika faili na tarehe ya kukamatwa imeandikwa sawasawa. Bila hizo mbili hakuna anayeweza kupiga hesabu ya robo, na faili hulala. Uliza pia kama hukumu ina faini au fidia ya mwenye mali; zisipolipwa zinaweza kumchelewesha ndani. Halafu familia iandike barua: atalala wapi, atakula kwa nani, atafanya kazi gani na chini ya nani. Barua inayosema tu kwamba amebadilika haimpi mwamuzi kitu cha kushika.

Na hili mwambieni kabla hajavuka mlango: masharti yatamfuata kwa muda mara mbili ya ule aliobakiza. Akitoka amebakiza miezi 24, basi kwa miezi 48 anaweza kurudishwa kwa mwenendo mbaya, na miezi 24 ile ataimaliza ndani.

*Kijana mmoja wa avenyu (barabara) yetu amefunguliwa. Wakaaji wanataka apite kwangu kila asubuhi kutia sahihi. Inatosha? – Shefu wa avenyu, Ruashi*

Haitoshi, shefu. Atasaini saa moja asubuhi, na saa tatu atakuwa na wale wale alioiba nao. Uangalizi bila msaada haupunguzi kurudia makosa. Kumbuka pia kwamba huna mamlaka ya kumfunga wala kumpiga. Ukiona kosa, lipeleke polisi au parke.

Kwanza mpime. Alianza akiwa na umri gani, na amefungwa mara ngapi? Anatembea na nani? Pombe au bangi? Ana kazi? Nyumbani anamsikiliza nani? Ukubwa wa kosa la mwisho haukuambii mengi. Mtu anaweza kuwa amefanya kosa zito mara moja na asirudie, na mwizi mdogo wa simu akarudi gerezani kila mwaka.

Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Kanada, Andrews na Bonta, wamekuwa wakionyesha kwamba nguvu ielekezwe kwa wale wenye hatari kubwa ya kurudia makosa. Mwenye hatari ndogo ukimbana kila siku unamharibia kazi, na ukimweka kikao kimoja na wazoefu unampatia marafiki wabaya. Huyo aje mara moja kwa mwezi. Mwenye hatari kubwa aje mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka.

Katika nusu saa hiyo msimalize muda mkirudia masharti. Chukueni tukio moja la juma: nini kilitokea, aliwaza nini, akafanya nini, angeweza kufanya nini. Mfanye ajizoeze kwa sauti namna ya kumkatalia rafiki anayemwita usiku. Kisha andikeni ratiba yake ya juma na mtafute saa zilizo tupu. Mwenye hatari kubwa anahitaji kazi, mafunzo au shughuli inayosimamiwa kwa asilimia 40 hadi 70 ya muda wake katika miezi ya mwanzo. Jumamosi jioni isipopangwa na ninyi, itapangwa na wengine.

Akikosa miadi, jibu kesho yake, si mwisho wa mwezi, na adhabu iwe ndogo na ijulikane mapema: kikao cha ziada, kwa mfano. Kwa kila karipio moja mpe sifa nne za kweli. Vijana hawa wamekaripiwa maisha yao yote na hawakubadilika.

*Kikundi chetu cha kanisa kilimfundisha mfungwa wa zamani kuchomelea vyuma (soudure), tukampa posti, yaani mashine ya kuchomelea. Aliiuza baada ya siku chache. Tulikosea wapi? – Pasta, komine ya Kenya*

Pasta, mlimpa chombo kabla ya wateja. Mtu anayedaiwa kodi na chakula huuza kile chenye bei, na hiyo si lazima iwe tabia ya wizi. Posti ibaki kwenye atelie (karakana) ya fundi anayeaminika, kijana alipwe kwa kila dirisha au mlango, pesa ndogo lakini jioni ile ile. Sehemu iingie kwenye akiba au likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu. Baada ya miezi kama sita ya kufika kazini, apewe vyombo kidogo kidogo: maski, glavu na brosi ya chuma kwanza, posti mwishoni. Na kwa sababu umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya dola, hukatika, afundishwe pia kazi isiyoutegemea, kama kupiga rangi au kupanga matofali.

Mkazanie pia karatasi. Aliyetoka bila kadi ya uchaguzi wala cheti cha kufunguliwa husimamishwa njiani, na waajiri humkataa. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinataka anayetoka apate hati, nguo, mahali pa kukaa na nauli. Mahali ambapo dola haifiki, kikundi kama chenu kinaweza kulipa basi la siku ya kwanza na kumsindikiza kwenye ofisi ya komine.

*Tupeleke wanafunzi Kasapa waone mateso ili waogope? – Mwalimu, Kampemba*

Hapana, mwalimu. Mipango ya namna hiyo ilijaribiwa Marekani, na uchunguzi ulionyesha kwamba vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wasiopelekwa. Nauli hiyo ilipeni ada ya yule aliyeacha shule mwaka huu.