Maji kwenda Misri, mizigo kwenda Mombasa: kwa mnaoanza kusoma Mto Nile mkiwa Mwanza

Wanafunzi wapya wa jiografia wanaofika Mwanza, na walimu wa mazoezi pia, hunijia na swali lilelile: Mto Nile nitausomaje nikiwa huku, na mto wenyewe unatokea Jinja, Uganda? Jibu langu ni kwamba huku ndiko pazuri kuliko kote, ili mradi mkubali kuiweka atlasi pembeni kwa siku chache. Atlasi inawaonyesha mstari wa bluu wa kilomita 6,650 hivi, kuanzia vijito vya Burundi na Rwanda hadi Bahari ya Mediterania. Mnaukariri pamoja na miji iliyo kando yake, basi. Mtihani mnafaulu, mto hamuujui.

Anzeni na hesabu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Maji yakipanda au kushuka sentimita moja tu, hizo ni mita za ujazo milioni 688. Namba hiyo iandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari, maana mtairudia kila mara. Sasa tazameni mapato na matumizi kama mwenye duka anavyofunga hesabu jioni. Upande wa mapato, mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe inaleta zaidi ya robo tatu ya maji yote. Kagera, Mara, Simiyu, Grumeti, Isanga, Nzoia ya Kenya na mito mingine yote ikijumlishwa haileti zaidi ya sehemu moja ya tano hivi. Upande wa matumizi, jua ndilo linalochukua kingi: karibu mita moja na nusu ya maji huvukizwa kila mwaka. Na kilichotoka Jinja kuingia mtoni, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kilikuwa wastani wa mita za ujazo bilioni 20 kwa mwaka. Gawanyeni kwa milioni 688. Mnapata sentimita 29.

Hapo darasa huamka. Mto unaosifiwa dunia nzima unachota ziwani sentimita 29, jua linachota 150.

Ukishaielewa hesabu hii, historia ya ziwa inaanza kujieleza yenyewe. Mwishoni mwa 1961 mvua zilipitiliza, na kufika 1964 uso wa ziwa ulikuwa umepanda zaidi ya mita mbili. Zidisheni wenyewe: hayo ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 137, wakati Nile yote inayofika Aswan, Misri, yaani Nile Nyeupe ya huku maziwani na ya Bluu ya Ethiopia kwa pamoja, ilihesabiwa kuwa wastani wa bilioni 84 kwa mwaka. Kwa miaka mingi baada ya hapo, maji yaliyopita Jinja yakawa karibu maradufu ya yale ya zamani. Mwaka 2020 ziwa lilivuka hata kiwango cha 1964, na watu wa fukwe za nchi zote tatu wakafukuzwa na maji. Katikati ya hayo, 2004 hadi 2006, lilishuka mno kwa sababu mbili zilizokutana: ukame, na mitambo ya umeme ya Jinja kupitisha maji mengi kuliko ilivyokubaliwa. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa 1954, na tangu siku hiyo ziwa letu ni bwawa pia, lenye mlango wa kufunguliwa na kufungwa. Makubaliano ni kwamba Uganda ipitishe kiasi kile ambacho maporomoko ya asili yangepitisha. Wengi wenu hamkuwahi kuambiwa hilo shuleni, na mimi naliona ni kubwa kuliko urefu wa mto.

Mtakaopata nafasi ya kusoma kipimo cha maji gatini, nendeni asubuhi. Kipimo chenyewe ni bamba lenye namba na mistari ya sentimita, limesimikwa majini. Mchana upepo wa ziwani ukishaanza, maji husukumwa upande mmoja na mawimbi yanaruka juu ya mistari. Simameni mbele yake, ngojeni mawimbi kadhaa yapite, andikeni pale maji yanapofika juu na pale yanaposhuka, kisha chukueni katikati, pamoja na saa na hali ya upepo. Mwanafunzi anayekadiria kwa jicho akiwa amesimama mbali anakosea sentimita tano bila wasiwasi wowote. Rudini kwenye ukurasa wa kwanza muone sentimita tano ni maji kiasi gani.

Kagera ni mto wa kwenda kuuona, msiishie kuusoma. Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda ndiyo matawi yake makubwa. Yakishaungana unaporomoka Rusumo, mpakani, ambako sasa kuna kituo cha umeme cha megawati 80 kinachogawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukitoka hapo unapinda kaskazini, kisha mashariki, unapita Kyaka, halafu unaingia ziwani upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka wetu. Kwenye daraja la Kyaka tazameni rangi ya maji baada ya mvua za milimani. Hiyo kahawia ni mashamba ya watu yanayosafiri. Gugumaji nalo lilishuka kwa njia hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba bandari na mialo hadi wadudu wa kulitafuna walipoletwa.

Sasa kateni mto kwa wima. Chukueni karatasi ya grafu: Ziwa Victoria lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Albert 619 hivi. Mita zaidi ya 500 zinapotea katika safari isiyofika kilomita 500. Pale kwenye maporomoko ya Murchison, Uganda, mto mzima unabanwa kwenye ufa wa mita kama saba na kuanguka mita 43. Halafu endeleeni na grafu kutoka Juba hadi Khartoum: zaidi ya kilomita 1,600, na mteremko haufiki mita 100. Mstari wa kwanza ni ukuta, wa pili ni sakafu. Ndiyo maana katikati ya sakafu hiyo kuna Sudd, kinamasi cha Sudan Kusini ambamo maji yanatawanyika na karibu nusu yake kupotea hewani. Mwaka 1978 walianza kuchimba mfereji wa Jonglei ili maji yakwepe kinamasi, vita vikausimamisha miaka michache baadaye. Mbele ya Khartoum kuna maporomoko mengine sita hadi Aswan.

Umuhimu wa grafu hiyo hauko kwenye maksi. Inawaambia kwamba hakuna meli iliyowahi kupakia mzigo Mwanza na kuushusha Cairo, wala haitakuwepo. Maji yanakwenda kaskazini. Mizigo ya ziwa haijawahi kuyafuata. Ukilishika jambo hilo moja, historia ya uchumi ya Nile ya juu unaweza kuisimulia bila daftari.

Hata kabla ya reli, pembe za ndovu za Buganda na Karagwe zilishuka kusini kwa misafara, zikapita Tabora hadi pwani. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika ufuko wa Mwanza Agosti 1858 kwa njia hizohizo za misafara, akatangaza kwamba amepata chanzo cha Nile. Mahali mto unapotokea alikuwa hajapaona, alipaona 1862. Wenzake walimbishia, na hadi Stanley, mpelelezi mwingine, alipolizunguka ziwa zima kwa mashua 1875 ndipo mabishano yakaanza kupoa. Nawaeleza hili kwa sababu moja tu: mkisema maji yanatoka hapa, onyesheni yanapotokea.

Kisha ikaja reli. Waingereza walianza kujenga Mombasa 1896 na kufika ziwani, Kisumu, Desemba 1901. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ilibebwa vipandevipande kutoka pwani na kuunganishwa Kisumu. Sasa tazameni jambo ambalo vitabu vingi vinalipitia haraka: Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini ngozi, karanga na pamba yake ilivuka ziwa hadi Kisumu na kutoka kwa Mombasa, bandari ya Mwingereza. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa Tabora 1912, ikaelekea Kigoma. Tawi la Tabora kuja Mwanza lilikamilika 1928, Wajerumani wameshaondoka.

Hapo ndipo nataka mkae muda mrefu, kwenye pamba, maana kuna pamba mbili.

Ya kwanza ni ya Misri. Hupandwa kabla ya kiangazi cha kule, na viwanda vya nguo vya Uingereza viliitaka sana. Tatizo ni kwamba Nile ya Bluu, inayotoka Ethiopia, hufurika kati ya Julai na Septemba, na kwa mwaka mzima nyanda za juu za Ethiopia ndizo zinazoleta kama asilimia 85 ya maji ya Aswan. Mwezi wa tatu au wa nne, maji hayo yamepungua sana na pamba changa inataka kunyweshwa. Katika miezi hiyo ndipo Nile Nyeupe ina thamani, kwa sababu maziwa na vinamasi vinayaachia maji polepole mwaka mzima. Ni machache, ila hayakauki. Bwawa la Aswan la 1902 lilijengwa kwa ajili ya maji ya msimu huo; la Sennar, 1925, likawanywesha wakulima wa Gezira huko Sudan. Mkataba wa 1929 ukaihifadhia Misri maji yanayopita kuanzia 19 Januari hadi 15 Julai, na Uingereza ikakubali kwa niaba ya makoloni yake kwamba hakuna kitakachojengwa mtoni au kwenye maziwa yake kikapunguza maji ya Misri bila Misri kuridhia. Mkulima wa Magu akawa na mwenzake wa mkataba asiyemjua.

Ya pili ni ya Usukumani. Hii haikunywa hata tone la Nile. Ilipandwa kwa mvua za Novemba na Desemba, ikavunwa kiangazi, ikapimwa kwenye magulio, ikaenda jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, ikatoka marobota kwa garimoshi au meli. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa juu ya mizani na bei, na ndio uliozaa vyama vya msingi vya wakulima, ambavyo 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Paul Bomani, kiongozi wao, alijulikana nchi nzima kupitia kazi hiyo kabla hajawa waziri. Mkisoma uchumi wa pwani ya ziwa bila vyama hivi mtabaki na reli tupu.

Tanganyika huru ilikataa 1962 kufungwa na mkataba wa 1929. Msimamo huo wa Nyerere husomwa hadi leo kwenye sheria za kimataifa. Kwa vitendo, maji ya ziwa yalianza kupelekwa Kahama na Shinyanga 2009 kutoka Ihelele, Misungwi. Fanyeni tena hesabu ya milioni 688 mkishapata kiasi cha maji yanayovutwa kwa mwaka, kisha mjadiliane kama Misri ina haki ya kuhofu. Mimi nina maoni yangu, lakini nataka yenu yawe na namba.

Samaki nawaachia walimu wa biolojia, ila jueni kwamba sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 ndiye aliyeleta viwanda vya minofu Mwanza, na minofu nayo iligeuzia Nile mgongo: hufika Ulaya kwa ndege au kwa bahari.

Mkienda vijijini kuuliza habari za pamba, salimieni kwanza, na si shikamoo tu. Mzee wa Kisukuma akisikia "mwangaluka, baba" asubuhi anawatafutia viti. Msimuulize "hali ya uchumi ilikuwaje", maana atawajibu kwa hotuba. Muulizeni gulio lake lilikuwa wapi, nani alishika mizani, fedha zilitoka baada ya siku ngapi, na ng'ombe wangapi walinunuliwa kwa mavuno mazuri. Andikeni alichosema kwa maneno yake, mkiacha nafasi pembeni ya kuweka mwaka, kwa sababu wazee wengi hutaja mwaka kwa njaa, kwa mvua au kwa kiongozi. "Mwaka ule ziwa lilipojaa" mnaujua tayari ni upi.

Kwa utafiti wa mwisho, chagueni mzigo mmoja na mwufuate hadi unapotoka nje ya mkoa. Dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wanafaa sana. Muulizeni mama anayefunga magunia yanakwenda wapi, nani analipa ushuru wapi, na kipi kimebadilika tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 na malori yakaacha kupanga foleni ya kivuko. Nendeni alfajiri; saa nne wapakizi wameshamaliza na hakuna atakayekuwa na muda na ninyi.