Usiongeze mkia kabla hujagusa fundo

Subiri kwanza, mleta mada. Umesema kundi lenu la kupiga soga za utotoni mtakutana Kigamboni, Dar es Salaam, mwezi wa 12 pamoja na watoto, na unataka utengeneze tiara 20, yaani vishada vya kurusha kwa upepo, kwa vijiti vya mishikaki. Uzi utaufunga kwenye njia panda ya vijiti kama ulivyoona kwenye video, na ikizunguka utaongeza mkia. Halafu ukauliza kanuni za rede, gololi ununue ngapi, na mchezo gani unawafaa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa najibu la tiara tu, maana ukizitengeneza hivyo zitapiga mbizi zote 20, na watoto watakuwa wameshakata tamaa kabla jua halijawa kali.

Hawa wanaorekodi video za "tengeneza tiara kwa dakika tano" wananikera kweli. Wanakata karatasi ya rangi, wanavuka vijiti viwili, wanafunga uzi mmoja pale vinapokutana, kisha picha inakatwa na ghafla tiara iko juu. Kilichofanyika katikati hawakuonyeshi. Chini ya video mtu analalamika yake inazunguka, anajibiwa na watu hamsini: ongeza mkia. Anaongeza. Tiara inakuwa nzito, haipai tena, na mtoto anaambiwa leo hakuna upepo.

Mkia si dawa ya tiara iliyofungwa vibaya. Tiara inapaa kwa sababu uso wake umeinama mbele ya upepo: upepo unagonga, unaelekezwa chini, tiara inasukumwa juu. Kinachoamua iiname kiasi gani ni uzi wa kifuani, ule mfupi unaofungwa sehemu mbili kwenye kijiti cha wima, halafu uzi wa kurushia ndio unafungwa hapo katikati yake. Ukifunga sehemu moja tu hakuna kinachoishikilia pembe. Kichwa kinachezacheza, mara inalala bapa, mara inasimama wima. Ukiwa umefunga katikati kabisa ya karatasi ni mbaya zaidi: inaukabili upepo kifua wazi, inavuta kwa nguvu, inarudi nyuma, kisha inazunguka hadi chini. Mkia unaivuta sehemu ya chini tu, kwa hiyo kwenye upepo mdogo unaificha kasoro. Upepo ukikaza kidogo, ile kasoro inarudi na safari hii tiara inashuka na mita tatu za kitambaa.

Kwa hiyo shika hili moja: tiara ikigoma, fundo la kifuani kwanza, mkia mwisho.

Sasa vipimo. Vijiti vya mishikaki weka kando. Ni vifupi, havipindiki, na ukiviunga viwili viwili, pale pa kuungia panakuwa pazito na pakavu kama mfupa. Nunua fagio la chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi. Fagio moja zuri linatoa tiara nyingi na bado utafagilia. Chagua chelewa ndefu zilizonyooka, zisizo na doa jeusi wala ufa. Ile iliyokaa juani miezi mingi hukatika ukiipinda, kwa hiyo ilowanishe kidogo kabla ya kuitumia.

Karatasi: ukurasa wa gazeti ukiufungua unakupa mraba wa sentimita 38 kila upande, ukiacha nje yake sentimita moja ya kukunja kila ukingo, na kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi huo unatosha. Karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari ni imara zaidi ila nzito, iweke kwa siku ya upepo mkali. Najua wengi wenu mnaikumbuka tiara ya mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo usianze kuitafuta. Gazeti linapaa vizuri tu.

Mraba uuweke kona moja juu. Kijiti cha wima, sentimita 54, kinatoka kona ya juu hadi ya chini, upande mnene ukiwa juu kichwani. Kijiti cha pili ni upinde, kiasi cha sentimita 64. Ncha zake zinafika kwenye kona za kulia na kushoto na mgongo wake unapanda juu, ukikatiza kile cha wima sentimita 13 hivi kutoka kichwani. Hapo pafunge kwa uzi wa kushonea, mizunguko minne, usiongeze.

Upinde ndio unaoharibu tiara nyingi za chelewa, na hata wazoefu huwa hawautazami. Chelewa haina unene mmoja, shina lake ni nene na ncha yake ni nyembamba. Ukiipinda, ule upande mwembamba unakunjika sana na ule mnene unabaki umenyooka. Kwa macho tiara inaonekana sawa. Hewani bawa jembamba linarudi nyuma upepo ukipiga, lile nene halirudi, na tiara inageukia upande uleule kila mara. Dawa ni kupara upande mnene kwa wembe, polepole, mtoto asishike, huku ukiupinda upinde kila baada ya kupara kidogo na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha. Mkunjo wa kushoto ukifanana na wa kulia, acha. Kama chelewa zako ni nyembamba sana, tumia mbili kwa upinde mmoja, shina la hii likae kwenye ncha ya ile, uzifunge pamoja sehemu tatu. Hapo unene unajisawazisha wenyewe.

Gundi ni uji wa unga wa ngano. Vijiko viwili vya chakula vya unga, nusu kikombe cha maji, koroga ungali wa baridi hadi mabonge yaishe, ndipo uweke motoni hadi uwe mzito na ung'ae. Paka nyembamba. Ukipaka kwa wingi gazeti linalowa, likikauka linajikunja na kuvuta vijiti, na kazi yote ya wembe imepotea. Kunja kingo sentimita moja, ndani ya mkunjo laza uzi, bandika. Ule uzi ndio unaozuia karatasi isichanike kuanzia pembeni. Acha zikauke zikiwa zimelala bapa usiku mzima, kwa hiyo usizitengeneze usiku wa kuamkia safari, tengeneza siku mbili kabla.

Uzi wa kifuani sasa. Vijiti viwe nyuma, uzi uwe mbele kwenye uso utakaoukabili upepo. Bandika viraka viwili vya karatasi, kimoja pale upinde unapokatiza kijiti cha wima, kingine sentimita 13 kutoka kona ya chini. Toboa kwa sindano pande zote mbili za kijiti, pitisha uzi uzunguke kijiti, funga. Kata uzi wa sentimita 80 ili ubaki na nafasi ya mafundo. Ukishafunga juu na chini, sehemu ya juu kutoka kwenye kijiti hadi kitanzi iwe sentimita 30, ya chini 33. Hicho kitanzi usikifunge fundo gumu. Chukua kipande kidogo cha uzi, kifanye kitanzi, kizungushe mara mbili kwenye uzi wa kifuani halafu ukaze, ili ukikilegeza kiweze kusogea juu au chini. Mtu akifunga fundo gumu hapa, pale uwanjani hana cha kurekebisha, na ndipo anaporukia mkia.

Kabla hujatoka nyumbani, shika hicho kitanzi kwa vidole viwili ndani ya chumba kisicho na upepo, tiara ining'inie chini yake, bila mkia. Kona ya chini inatakiwa ishuke kidogo kuliko kichwa, na mabawa yawe usawa. Bawa la kushoto likishuka, bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ncha ya kulia. Fanya hivyo kwa kila moja ya zile 20. Ni kazi, ndiyo, lakini ni kazi ya mezani, huna watoto wanaokuvuta shati.

Uwanjani utaisoma hivi. Ikikataa kupaa huku inavuta sana na kurudi nyuma, imesimama wima mno: sogeza kitanzi kuelekea kichwani, nusu sentimita tu, ujaribu tena. Ikipaa halafu ikainamisha kichwa na uzi ukalegea, umesogeza mno: kirudishe chini kidogo. Upepo ukikaza mchana, kitanzi kipande juu, ukipungua, kishuke. Ikigeukia upande mmoja tu kila mara, rudi kwenye upinde na wembe. Ikiwa haya yote yako sawa na bado inatikisika kushoto na kulia bila kutulia, hapo ndipo mkia una kazi: kitambaa chepesi cha pamba, upana sentimita mbili, urefu mita mbili, kifungwe kona ya chini. Ukiona inapaa kwa shida, kata robo. Tepu ya kaseti inapendeza machoni ila haina uzito wala ukinzani wa kutosha, na ikinasa kwenye mti hutaitoa.

Uzi wa kurushia, tumia uzi wa pamba wa kushonea uliokunjwa mara mbili, au uzi mwembamba wa kufumia, uuzungushe kwenye kopo la maziwa. Mshipi wa kuvulia usimpe mtoto, unakata vidole na unatatizana. Waya wa aina yoyote ni mwiko, hata ule mwembamba kama unywele.

Na kuhusu mahali. Desemba ni kaskazi, upepo unatoka baharini upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukiwa ufukweni Kigamboni tiara zitaelekea nchi kavu, kwenye minazi na nguzo za umeme. Watoto wasimame karibu na maji, migongo ikiwa kwa upepo, na kila kopo liwe na uzi wa mita 30, basi. Chagua sehemu ambayo hakuna nyaya za umeme ndani ya umbali huo mara tatu. Tiara ikinasa kwenye nyaya, imekwisha hiyo, uzi unaachwa, hakuna wa kupanda wala kuivuta kwa fimbo. Nyuma ya nyumba na miti pia upepo unavurugika, tiara inashuka bila sababu unayoiona, na watu wataanza tena wimbo wao wa mkia.

Watoto wasikimbie. Mmoja anashika kopo, mwenzake anasimama mita 15 upande upepo unakoelekea, anaishika tiara kwa mabega ya upinde, kichwa juu, anaiachia upepo ukija. Aliye na kopo anavuta kidogo, anaachia kidogo. Ukiona mtoto anakimbia na tiara inamfuata nyuma ikiburuzika mchangani, mwite, uikague: ni kitanzi kimeshuka.

Ukishatengeneza ya kwanza, piga picha ya uzi wa kifuani kwa ubavu uiweke hapa kabla hujaendelea na zile 19.