Boksi Halijafunguliwa, Je, Ninunue?

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu boksi ambalo halijafunguliwa. Waulizaji ni wakusanyaji wa sanamu za wahusika wa anime, katuni na filamu, zile zinazotengenezwa na kampuni kama Prime 1 Studio ya Tokyo, Sideshow ya Marekani, Iron Studios ya Brazil na Good Smile ya Japani. Hawanunui kwa kampuni yenyewe wala kwa duka lililoidhinishwa. Wananunua kwa mtu wa tatu: mkusanyaji anayepunguza kabati, mlanguzi aliyeweka oda nyingi mapema, au duka la mtandaoni lisilo na mkataba wowote na mtengenezaji.

Kaka, kuna jamaa anauza sanamu ya polistoni ya kipimo cha 1/4. Anasema boksi halijafunguliwa tangu litoke kiwandani, na hataki kulifungua nipate picha kwa sababu eti thamani itashuka. Ana haki? (Msomaji, Nairobi)

Ana haki ya kukataa, lakini sababu yake isikufanye uongeze hata shilingi moja juu ya bei.

Polistoni ni rezini iliyochanganywa na unga wa mawe. Mchanganyiko huo ndio unaoipa sanamu uzito unaoupenda mkononi, na ndio unaoifanya ivunjike badala ya kupinda. Sanamu ya kipimo hicho, yaani robo ya ukubwa halisi wa mhusika, huja vipande vipande: kichwa, mikono, silaha, joho, kitako, vyote vya kushikizwa kwa vichomeo (vijiti vya kuchomeka kwenye tundu) au sumaku. Kila kipande kimelazwa ndani ya povu gumu jeupe, povu likaingia kwenye boksi lenye picha, na boksi likaingia kwenye katoni ya kahawia ya kusafirishia. Katoni ikiangushwa ghalani, nje inaweza isionyeshe hata mkunjo, huku ndani kidole kimekatika. Halafu kuna makosa ya kiwandani: rangi iliyochubuka, tundu lisilopokea kichomeo chake, kipande kilichosahaulika.

Aliyenunua mara ya kwanza, akifungua mapema, huyaona hayo na kuiandikia kampuni, naye hutumiwa kipande kingine. Huduma hiyo kwa kawaida ina masharti mawili: uwe mnunuzi wa kwanza, na uombe ndani ya muda uliowekwa. Wewe si mnunuzi wa kwanza, na muda huenda umeshapita. Kwa hiyo boksi lililokaa miaka mitatu bila kuguswa linakuambia jambo moja tu, kwamba hakuna anayejua kilichomo. Unauziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji naye hajamwona huyo mbuzi.

Hapo nimemchukulia jamaa yako kuwa mkweli. Asiye mkweli ana kazi nyepesi sana, kwa sababu sanamu nyingi kubwa hazina nailoni ya kiwandani. Kinachoitwa kufungwa ni selotepu juu ya katoni, na selotepu inauzwa kila duka. Aliyerudishiwa sanamu iliyovunjika anaweza kuifunga upya. Mwingine huchomoa kichwa cha pili au mkono wa ziada uliokuja na toleo maalumu, akauza peke yake, kisha akakuuzia kilichobaki kwa bei ya kitu kizima.

Omba picha za pande zote sita za katoni, lebo ya usafirishaji ikionekana, pamoja na risiti ya kwanza na namba ya toleo kama sanamu ilitoka kwa idadi maalumu. Kisha mpe chaguo. Afungue mbele yako, ana kwa ana au kwa simu ya video, nawe umwachie amana ajue hukuja kumpotezea muda. Au muandikiane kwamba ikikutwa imevunjika au pungufu, anaichukua na kurudisha fedha yote. Asipokubali lolote kati ya hayo, bei ishuke kiasi cha kutosha kumlipa fundi wa kuunga na kupaka rangi. Mimi hupendelea sanamu iliyofunguliwa mara moja, ikakaguliwa, ikakaa kabatini kwa mtu asiyevuta sigara ndani, na povu lake lote lipo. Watu wengi bado wanalipa zaidi kwa ajili ya selotepu, na naamini wanakosea.

Shikamoo. Nimeona sanamu ya Dragon Ball kwa nusu bei, ina nailoni ya kubana na haijafunguliwa. Nitajuaje kama si feki? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Anza na hiyo nailoni. Sanamu nyingi za Kijapani za plastiki ya PVC, zikiwamo zile za zawadi zinazoshindaniwa kwenye mashine za kunyakua vitu, hufungwa kwa kipande kidogo tu cha selotepu angavu kwenye mdomo wa boksi. Nailoni iliyobana boksi zima ni sababu ya kuuliza imewekwa na nani.

Kisha tafuta stika. Bidhaa za Dragon Ball na One Piece zinazouzwa Japani hubeba stika ndogo inayong'aa ya Toei Animation, studio ya anime hizo. Isipokuwapo kwenye boksi la Kijapani, rudi nyuma. Ikiwapo, usitulie bado, maana stika nayo huigizwa. Linganisha boksi na picha za mtengenezaji mwenyewe: rangi zilizopauka, herufi zenye ukungu, nembo ya kampuni iliyoondolewa au kubadilishwa kidogo. Ukiweza kuiona sanamu yenyewe, tazama macho na mpaka wa nywele na uso, kwani hapo ndipo kazi ya feki huharibika kwanza. Ngozi inayong'aa kama imepakwa mafuta na harufu kali ya kemikali ni dalili nyingine.

Bei nayo inasema. Sanamu inayopendwa, iliyokwisha kutoka sokoni, haiuzwi kwa nusu bei na mtu ambaye ana nyingine ishirini za aina hiyo hiyo ghalani. Na feki si suala la heshima ya kabati tu. Haijapimwa na yeyote, hujui rangi yake ina nini, na nyumba nyingi zina watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake, kwa hiyo ukiuziwa feki dukani una mahali pa kulalamika. Ukiuziwa na mtu asiye na anwani, malalamiko yako hayatakuwa na wa kumwangukia.

Muuzaji anataka nimtumie hela yote kwa M-Pesa kwenye namba yake binafsi ndipo asafirishe. Ni sawa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Fedha uliyoituma kwa hiari yako kwenye namba ya mtu, naye akaitoa, ni ngumu sana kuirudisha, hata ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Kama yuko mjini, kutaneni mahali penye watu, fungueni, kagua, ndipo ulipe. Kama yuko mkoani, tafuta ndugu au rafiki akaikague. Kabla ya yote, mwombe picha ya boksi likiwa na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Picha za kuokota mtandaoni haziwezi kutimiza ombi hilo, na matapeli wengi huishia hapo.

Nilinunua sanamu mtandaoni, ikafika, nikaiweka kwa sababu kabati lilikuwa halijakamilika. Baada ya miezi minne nimefungua, mkono umevunjika. Muuzaji anasema nimechelewa. (Msomaji, London)

Pole sana. Wanunuzi wa maboksi yaliyofungwa hukutana na balaa hili kuliko lingine lolote, kwa sababu muda wa kulalamika unaanza kuhesabiwa siku mzigo unapofika, au hata siku ulipolipa, na hausubiri ufungue.

Lakini hujaishiwa njia. Dhamana ya eBay hudumu siku 30 baada ya mzigo kufika, kwa hiyo kama ulinunua huko, mlango huo umefungwa. Dhamana ya Amazon kwa wauzaji wengine wanaouzia kwenye tovuti yake ni siku 90, nayo imepita. PayPal hupokea malalamiko hadi siku 180 tangu siku ya malipo. Kama ulilipa kwa PayPal, na hukuchagua njia ya kumtumia rafiki au ndugu, bado una muda. Usilale leo kabla ya kuandika.

Upande wa sheria, jiulize kama aliyekuuzia ni mfanyabiashara au mtu binafsi. Chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015, ulikuwa na siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha yote. Hizo zimepita. Lakini ndani ya miezi sita ya kwanza kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu bidhaa ikabidhiwe, na ni mfanyabiashara anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Mwandikie ukidai akutengenezee au akubadilishie. Mtu binafsi anayeuza chake hana mzigo huo wote, ila kitu lazima kilingane na maelezo aliyotoa. Kwa hiyo tafuta tangazo lake: aliandika "mpya"? Aliandika "kamili"? Hifadhi picha ya maneno hayo kabla hayajafutwa. Na kama ulilipa kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwa mfanyabiashara, kwa kitu kilichozidi pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000, benki yako inawajibika pamoja naye kwa mujibu wa kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974. Malipo yakipitia mtu wa kati, haki hiyo mara nyingi hukatika.

Mara nyingine fungua siku ile ile. Weka simu irekodi bila kukatwa: lebo ya posta, pande zote za katoni, kisu kikipita kwenye selotepu, kila kipande kikitoka kwenye povu. Kama kabati halijawa tayari, irudishe ndani ya povu, hakuna kitakachopungua.

Nikinunua na kuacha boksi limefungwa kama akiba, bei si itapanda? (Msomaji, Muscat)

Huenda ikapanda, na huenda kampuni ikatoa toleo jipya la sanamu ile ile, bei ikaporomoka. Good Smile na wenzake hurudia kuzalisha zinazopendwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni joto la huko kwenu, linalopita nyuzi 40 kiangazi. PVC hulainishwa kwa viambato ambavyo hutoka taratibu, na kwenye boksi lisilopitisha hewa hubaki juu ya sanamu kama utando unaonata. Miguu myembamba inayobeba mwili mzito nayo huinama. Ukiiweka stoo isiyo na kiyoyozi kwa miaka kadhaa, utakayemuuzia atafungua na kukuta sanamu inanata na imelala upande, nawe utakuwa ndiye muuzaji wa tatu anayelaumiwa. Utando huo huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, lakini mguu uliokwisha kuinama una kazi zaidi. Nunua uitazame.

Nataka kuagiza Japani kwa mtu binafsi kupitia wakala. Nijihadhari na nini? (Msomaji, Arusha)

Soko la mtandaoni kama Mercari la Japani hushikilia fedha mpaka mpokeaji athibitishe kuwa mzigo umefika salama. Ulinzi mzuri huo, ila mpokeaji kwa hesabu yao ni ghala la wakala wako, na wakala kwa kawaida hakagui sanamu kipande kwa kipande. Boksi likitua Arusha, muuzaji ameshalipwa zamani. Muulize wakala kabla ya kununua kama ana huduma ya kufungua na kupiga picha, na uilipie.

Usafiri nao huumiza. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa katoni pale ukubwa unapozidi uzito, mara nyingi hivi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Katoni ya sentimita 60 kwa 60 kwa 70 huhesabiwa kilo 50.4, hata kama mizani inasoma 20. Forodha hukokotoa ushuru juu ya thamani ya mzigo, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu ya jumla yenye ushuru ndani yake.

Muuzaji akijitolea kuandika "zawadi" na thamani ndogo ili kukupunguzia, kataa. Ni udanganyifu kwa forodha, na sanamu ikivunjika njiani bima haitalipa zaidi ya thamani iliyoandikwa.

Mtu ananiuzia oda yake ya awali ya sanamu itakayotoka mwakani. Nimlipe? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Nisingelipa. Oda ipo kwenye akaunti yake, kwa jina lake na anwani yake, na wewe hutambuliwi na kampuni. Sanamu kubwa huchelewa, wakati mwingine mwaka mzima zaidi ya ahadi, na zile siku 180 za PayPal zitakuwa zimeisha hata kabla rangi haijapakwa kiwandani. Januari 2025 Diamond Comic Distributors, msambazaji mkubwa wa huko Marekani aliyemiliki pia Diamond Select Toys, aliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kama hata mtu wa ukubwa huo anaweza kukwama na oda za wateja mkononi, usimwamini kwa malipo ya mwaka mzima mtu unayemjua kwa jina la mtandaoni tu.

Tena, tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya kutoka nje isiyozidi dola 800. Bei aliyokutajia huenda ilihesabiwa kabla ya hapo. Mwambie hivi: sanamu ikitoka, ikafika kwake, akaifungua na kukutumia video, utamlipa siku hiyo kwa bei mtakayoafikiana sasa kwa maandishi. Akitaka fedha leo, nenda kaweke oda yako mwenyewe.