Samaki na yavuyavu tangi moja? Bora kila mmoja awe na lake

Suala hili naulizwa sana, hasa na vijana wanaopamba nyumba za wageni Mji Mkongwe na pwani ya mashariki: nikiwa na tangi la kioo la maji ya bahari, naweza kumtia yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini mwenye umbo la mwavuli, humo humo na samaki? Jibu langu ni hapana. Na sababu si ile tu ya kuwa yavuyavu anawasha. Mara nyingi anayeumia mwanzo ni yeye.

Niliwahi kuitwa nyumba moja ya wageni nikatazame tangi. Mwenyewe alikuwa na vitatange wawili na kikande mmoja, kisha mvuvi akamletea mayavuyavu weupe, wale wenye duara nne katikati. Nikasimama kutazama. Kitatange anajia pembeni, anadonoa ukingo wa mwavuli, anarudi nyuma kama aliyeonja uji wa moto, halafu huyo tena. Kikande hakuwa na subira hiyo, yeye aling'oa vipande. Hawakufanya lolote la ajabu. Baharini pia samaki wa aina hizi hula mayavuyavu, na kasa ndiyo usiseme.

Hata ukichagua samaki mpole asiyegusa mtu, yako maji yenyewe. Mwili wa yavuyavu ni maji kiasi cha asilimia 95, na hana nguvu ya kushindana na mkondo. Kwenye tangi la pembe nne atakwama pembeni, au chujio litamvuta na kumchana. Na ile pampu ya hewa mnayoipenda kwa ajili ya samaki ndiyo mbaya zaidi: mapovu huingia chini ya mwavuli yakanasa, mwishowe yakautoboa. Ndiyo maana yavuyavu anayeelea hufugwa kwenye tangi la mviringo ambalo maji huzunguka polepole bila kusita. Mjerumani Wolf Greve alibuni tangi la namna hiyo miaka ya 1960 kwa ajili ya viumbe vidogo vinavyoelea, na baadaye likarekebishwa kwa mayavuyavu. Samaki wengi humo hawakai kwa raha.

Chakula nacho kinagombaniwa. Yavuyavu hulishwa atemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, waliototolewa karibuni, wadogo kama vumbi. Ukiwamwaga penye samaki, samaki watawamaliza yeye hajapata kitu. Ukizidisha ili naye apate, mabaki yanaoza, amonia, sumu itokayo kwenye uozo huo, inapanda, na hapo wanakufa wote.

Wapo watakaoniambia: mbona kolekole wadogo tunawaona wamejificha chini ya yavuyavu? Kweli, lakini kule wana bahari nzima ya kukwepea. Kwenye kioo cha mita moja samaki akigutuka usiku atakwenda wapi?

Kama moyo wako umeshikwa na yavuyavu, tafuta yule anayelala chali mchangani, mwavuli chini na mikono juu, wa maji mafupi ya mikoko na majani ya bahari. Huyo haelei, kwa hiyo hahitaji tangi la mviringo. Anataka mwanga mwingi, kwa sababu mwilini mwake mna mwani mdogo sana unaomtengenezea sehemu ya chakula. Ila naye mpe tangi lake. Hutoa ute, na mwaka 2020 wanasayansi walieleza kuwa ndani ya ute huo mna vipande vidogo vinavyojisukuma vyenyewe na kuchoma. Samaki anaweza kuchomwa bila kumgusa kabisa.

Kabla ya kwenda kuchota kiumbe chochote, pita kwa bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, wa eneo lako. Sehemu nyingi za Unguja na Pemba ni hifadhi, na si kila kitu kinachukuliwa. Fikiria na umeme: ukikatika, mzunguko unasimama na yavuyavu anazama chini palepale, kwa hiyo betri ya akiba iwepo siku ya kwanza. Na akikuwasha mkononi, usikimbilie maji ya mfereji, yanazidisha. Suuza kwa maji ya bahari, usisugue, na mkono huo usiupeleke machoni.