Barua kwa mwanangu: ile ndoo ya pengwini ichukue

Mwanangu mama,

Salamu zimefika na picha zote tumeziona, mamako kazikuza kwenye simu mpaka tukasoma maandishi ya chini ya vyombo. Wasema huko Minneapolis kwenye maduka ya mtumba umekutana na ndoo tatu za barafu za zamani, moja yenye michoro ya pengwini, moja ya mti, moja yang'aa kama fedha, na sasa wataka kuanza kukusanya vyombo vya zamani vya kukaribishia wageni, uchukue ipi na uendelee na nini. Halafu mwisho kabisa ukauliza kwa aibu, baba kwani hivi si vyombo vya pombe?

Nianze na hilo maana ni fupi. Barafu ni maji. Mimi nimebeba ndoo hizo hoteli za Diani miaka nenda miaka rudi na kilichokuwa kwenye chupa sikijui ladha yake mpaka leo. Ioshe kwa maji moto na sabuni, utie barafu, uipange na soda na juisi ya ukwaju, bas hiyo ishasilimu.

Ya pengwini ichukue. Hapo chini pameandikwa West Bend, hiyo ni kampuni ya Wisconsin, jirani zenu hapo, na chombo hicho walianza kukitoa 1941 wakakiita cha moto na baridi, yaani wenyewe hawakusema ni cha barafu peke yake. Kwa lugha yetu hiyo ni hotipoti! Kuta mbili na nafasi katikati, lile lile linalozuia joto la chapati lisitoke ndilo linalozuia joto la nje lisiingie kwenye barafu. Na mtu akikuuzia kwa bei ya kuruka na kukwambia ni adimu, muache aseme tu, zimejaa tele huko Marekani na yenye mfuniko uliokaa sawa utaipata bila kukopa. Kabla hujalipa ishike uitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza na ndani ya ndoo hamna kitu, jua maji yameingia katikati ya kuta, achana nayo. Kuna nyengine za kampuni zengine ndani zina kioo kama cha chupa ya chai, hizo ukitikisa ukasikia vipande vinalia kioo kishavunjika, rudisha pale pale ulipoitoa. Na funua unuse, ndoo iliyofungwa miaka ndani ya stoo huwa na uvundo. Uvundo peke yake si kasoro, tia bekin soda na maji uache usiku kucha kisha uiweke wazi juani. Vile vishikio vyeusi ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, ukivitia kwenye mashine ya kuosha vyombo vinapauka na kupasuka, osha kwa mkono kama ulivyolelewa.

Ya mti sasa, hiyo imenipendeza kuliko zote na nakwambia wazi. Ule ni msaji, mti wa majahazi, unastahimili maji. Herufi IHQ ulizoziona ni za Jens Harald Quistgaard, Mdenmark aliyekuwa akiichorea vyombo kampuni ya Dansk, iliyoanzishwa na Wamarekani mwaka 1954. Aliziunda mbao zile kama watu wanavyounda mapipa, ubao kwa ubao, ndani akatia chombo cha plastiki. Angalia mambo mawili tu, plastiki ya ndani isiwe na ufa na mbao zisiwe zimeachana. Mti ukipauka si neno, unarudi kwa mafuta, lakini usipake mafuta ya kupikia maana yatachacha na juisi yako itanuka mafuta ya bhajia za jana. Uliza yale mafuta ya mbao za kukatia mboga, yapo. Bei yake iko juu ndio, ila kama pesa ipo ningeanza na hiyo, na kama haipo isikuume, ya pengwini inafanya kazi ile ile.

Ya fedha iache hapo dukani. Si kwamba ni mbaya. Kwanza si fedha, imeandikwa chini kuwa ni fedha juu ya shaba, na ukingoni pale midomo ya ndoo wekundu wa shaba ushaanza kuchungulia, yaani ile ngozi ya fedha imelika kwa kusuguliwa. Kuipaka upya kutakugharimu kuliko ndoo yenyewe. Fedha tupu huko kwenu huandikwa Sterling au 925, sehemu 925 katika elfu. Vyombo vyetu vya hotelini vilikuwa na herufi EPNS, na hata humo fedha ni ya juu tu, chini ni shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, mtindo wa Birmingham tangu 1840. Tembea na kisumaku kidogo kwenye pochi, kikinasa jua ndani ni chuma na yule anayekwambia fedha anakutania. Kisiponasa bado si dalili ya fedha, maana shaba na aluminiamu nazo hazinasi, hapo soma maandishi.

Lakini sababu kubwa ya kuiacha ni hii, na watu wengi hawaijui. Ndoo ile ina ukuta mmoja. Kazi yake ni kupozea chupa, si kuweka barafu ya kutia kwenye gilasi. Ukiweka vipande vya barafu mle, nje itatoa jasho litalowesha kitambaa chako cha meza na kabla mazungumzo hayajanoga una ndoo ya maji. Ya chupa unatia barafu nusu na maji nusu, usitie barafu tupu, maana barafu tupu inaigusa chupa hapa na pale lakini maji yanaizunguka yote. Ukiwa na haraka tupia gao la chumvi, yale maji yanazidi ubaridi. Na barafu ya kupozea chupa haiingii kwenye gilasi ya mtu hata siku moja, imeshaguswa na chupa zilizotoka kwenye makreti!

Nikiwa hapo hapo, nunua na koleo la kushikia barafu. Mara nyingi ndoo za zamani zimeshapotezana na makoleo yao, tafuta lolote lenye meno yasiyoteleza. Na wageni wako, hata shoga yako wa karibu, asichote barafu kwa gilasi. Hotelini mtu alikuwa anaweza kufukuzwa kazi kwa hilo, maana gilasi ikimegeka ndani ya barafu huoni kipande, vyote vinang'aa sawa. Ikitokea, usianze kuchambua, mwaga yote, pitisha maji moto, futa, anza upya.

Vyombo vyengine nitakwambia kwa ufupi. Yale mabilauri mazito ya kioo kilichotiwa madini ya risasi yanayolia ting ukiyagonga, kunywea mara moja moja hayana shida, ila zile chupa zake zenye vizibo usizilaze na juisi ndani, risasi inatoka pole pole kuingia kwenye kinywaji. Majagi ya shaba ya manjano, angalia ndani kama kuna weupe wa bati. Kama hamna liwe la maua. Wewe umemuona nyanyako akisafisha sinia kwa ukwaju, sasa kinachong'arisha shaba ni ile ukali wa ukwaju kuila shaba, halafu utie juisi ya ukwaju humo humo watu wanywe? Sahani zilizochorwa, rangi ikiwa juu ya ile ngozi ya kung'aa ya sahani na imeanza kubanduka, tundika ukutani. Hilo wala si geni kwetu, wazee wa Lamu wamejaza sahani kwenye zidaka, na pale Mambrui, karibu na Malindi, mabakuli ya Kichina yamepachikwa mpaka kwenye nguzo ya kaburi.

Cha stenlesi usikidharau pia. Kuna seti nzima inaitwa Cylinda-Line, Mdenmark mwengine, Arne Jacobsen, aliichora kwa ajili ya kampuni ya Stelton, ikatoka 1967, ndoo, jagi, buli, vyote mviringo ulionyooka kama bomba. Ukiona kimoja kwenye rundo la masufuria usisite.

Ila nikuombe kitu, usigeuke mamako. Yule ana kabati la vioo hapo sebuleni, vikombe vya harusi yake vimo, na kila Idi wageni wanakunywa kwenye vikombe vya duka la jumla huku vile vya maana vikitutazama. Nimemsomea sentensi hii akaniangalia vibaya. Wewe ukikileta chombo nyumbani kitumie wiki hiyo hiyo, na ukiona hukihitaji kirudishe kwa mtumba kabla kabati halijajaa.

Ulichomuulizia mamako, jibu lake ni kwamba mrashi utapata, ataufunga kwenye leso zile mbili ulizoziacha, shangazi yako anasafiri mwezi wa nane atakuletea. Lile kombe la maua ya waridi amesema hapana, na birika la shaba hajasema hapana lakini hajasema ndio. Usimsukume, mpigie Ijumaa baada ya Alasiri, huo ndio wakati wake mzuri.

Nitumie picha ya pengwini akiwa mezani.

Babako