Jibu: Je, aliyetengeneza pesimeka ya betri alikuwa daktari?

Hapana mkuu, Earl Bakken, aliyeitengeneza pesimeka hiyo (kifaa cha umeme cha kusaidia moyo upige kwa mdundo sawa), hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa umeme kutoka Minnesota, Marekani. Mwaka 1949 yeye na shemeji yake, Palmer Hermundslie, walianzisha kampuni ya Medtronic kwenye gereji, kazi yao kubwa ikiwa kukarabati mashine za hospitali. Mwezi wa kwanza waliingiza dola 8. Ndiyo, nane.

Umeuliza pia kwa nini aliiwekea betri. Pesimeka za wakati ule zilichomekwa ukutani, kwa hiyo mtoto aliyetoka kupasuliwa moyo alifungwa na urefu wa waya. Oktoba 31, 1957 umeme ukakatika Minneapolis, mtoto mmoja akafariki. Mpasuaji wake, Walton Lillehei, akamgeukia Bakken.

Hapa ndipo ninapompendea huyu jamaa. Alikumbuka mchoro wa metronomu (kile kidude cha kugongea mdundo wa muziki) ya transista aliouona kwenye jarida la Popular Electronics. Akaurekebisha, na baada ya wiki kama nne akapeleka kiboksi kidogo cha kuvaliwa nje ya mwili, chenye betri, kijaribiwe kwa mbwa. Kesho yake akirudi hospitali, akakikuta tayari kimeunganishwa na mtoto! Leo kibali tu kingechukua miaka.

Ila usichanganye: ile ya kupandikizwa ndani ya mwili si yake. Iliyotengenezwa Marekani ni ya mhandisi Greatbatch na mpasuaji Chardack, Medtronic walinunua leseni ya kuitengeneza mwaka 1960. Uzeeni Bakken mwenyewe aliwekewa pesimeka. Alifariki 2018, Hawaii, akiwa na miaka 94.