Mita kumi na nane zilizopotea Chamwino

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi sanifu wa maji, na kwa sasa nasaidia kupanga lambo la mifugo wilayani Chamwino. Nilipakua ramani ya kimo ya ALOS PALSAR yenye pikseli za mita 12.5 kutoka kituo cha Alaska, bure kabisa, nikachora kontua, yaani mistari ya kimo kilekile, za mita moja moja. Nilipofika uwandani nikalinganisha na alama tatu za kimo zilizowekwa na wapimaji. Kote kutatu faili linasoma chini ya alama kwa mita 17 hadi 19. Bosi wangu anasema huenda alama ziling'olewa zikapandwa upya ovyo. Mimi nashuku faili. Nani ana makosa? Na je, rada hizo zinaweza kunionyesha kama malambo ya jirani hubaki na maji mpaka Agosti?

JIBU: Mwambie bosi aziache alama mahali pake. Alama tatu haziwezi kung'olewa na watu tofauti, kisha zote zikapandwa kwa kosa lilelile la mita kumi na nane. Kosa linalofanana hivyo karibu kila mara linatoka kwenye sakafu ya kuhesabia. Na hapo ndipo penye jambo: faili lako na alama zako havianzi kuhesabu kutoka sakafu moja.

Ila hilo ni nusu ya tatizo, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni kwamba ulichopakua hakikupimwa na ALOS PALSAR hata kidogo.

Tuanze na kituo chenyewe, maana jina lake linawachanganya wengi. Alaska Satellite Facility, kwa kifupi ASF, iko Fairbanks, ndani ya Taasisi ya Jiofizikia ya Chuo Kikuu cha Alaska. Ilianza kupokea data mwaka 1991, wakati wa setilaiti ya Ulaya ERS-1, na kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kufuatilia barafu ya baharini. Ilijengwa kule kwa sababu setilaiti za kutazama dunia huzunguka zikipita karibu na ncha zote mbili, mzunguko mmoja ukichukua kama dakika 100. Aliye kaskazini ya mbali hukutana nazo mizunguko mingi kwa siku, ilhali sisi wa karibu na ikweta huziona kwa nadra. Leo ASF ni ghala la NASA la data za SAR, yaani rada zinazopiga picha ya ardhi kutoka angani, na mafaili mengi yamehamia kwenye seva za wingu. Kwa hiyo picha yako ya Chamwino, ingawa imebandikwa jina la Alaska, haitoki tena kwenye kabati lililozungukwa na theluji.

ALOS ilikuwa setilaiti ya Japani, iliyorushwa Januari 2006 na kunyamaza mwaka 2011. PALSAR ni rada iliyokuwa ndani yake, yenye wimbi la urefu wa sentimita kama 23.6. Unachopata kwenye kifurushi ulichopakua ni nguvu ya mwangwi: rada inarusha wimbi kwa ubavu, ardhi inarudisha kiasi fulani, hicho ndicho kinachoandikwa. Kwa kuwa inatazama kwa ubavu, mteremko unaoielekea rada hung'aa na kujikunja, na ule wa upande wa pili hufifia. Mlima unaonekana kama umeinamia setilaiti. Ili kuunyoosha, ni lazima ujue kimo cha ardhi kabla hujaanza. Wataalamu wa ASF wakachukua ramani ya kimo iliyokuwepo tayari, wakaitumia kunyooshea picha, kisha kwa ukarimu wakaiweka ndani ya kifurushi hichohicho. Ndilo faili lako linaloishia na .dem.tif. Fundi cherehani amekurudishia suti pamoja na karatasi aliyokatia kitambaa, nawe ukaivaa karatasi.

Na karatasi yenyewe ni ya zamani. Kwa nchi kama yetu ni SRTM, kazi ya chombo cha anga Endeavour kilichoruka siku 11 Februari 2000, kikiwa na antena mbili, ya pili ikiwa kwenye mlingoti wa mita 60. Ni kazi ya kutukuka, sitaki usikie naidharau. Lakini pikseli zake ni za mita 30. ASF walizikata ziwe za mita 12.5 ili zilingane na picha ya rada, na kila kisanduku cha awali kikazaa karibu visanduku sita vyenye taarifa ileile. Kontua zako za mita moja moja zimechorwa na programu, hazikuchorwa na ardhi. Na hiyo ndiyo ardhi ya mwaka 2000, kabla ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kabla ya Mji wa Serikali wa Mtumba, kabla ya machimbo yote ya kokoto unayoyajua. Tena wimbi lililotumika ni fupi, kwa hiyo penye kichaka kinene au mibuyu rada haikugusa udongo wenyewe, iliishia mahali fulani ndani ya matawi.

Sasa mita kumi na nane. SRTM ilitolewa ikiwa na kimo cha kutoka usawa wa bahari, yaani kutoka jioidi. Njia ya setilaiti haihesabiwi hivyo, huhesabiwa kutoka elipsoidi ya WGS84, ambalo ni umbo laini la kihesabu lisilojali bahari iko wapi. Ili kunyoosha picha, ASF waliihamisha ramani ya kimo kutoka sakafu ya kwanza kwenda ya pili. Kwa Tanzania jioidi imelala chini ya elipsoidi: huku kati kwa mita kumi na kitu hadi ishirini, ukishuka pwani inazidi. Kwa hiyo ukihesabu kutoka elipsoidi unapata namba ndogo kuliko ile ya alama. Mahali penye mita 1,120 juu ya bahari, faili lako litasema kama 1,102. Tofauti yako ya 17 hadi 19 ni jioidi hiyo, pamoja na makosa ya kawaida ya SRTM.

Usiniamini kwa maneno. Pakua SRTM ya mita 30 ya eneo lilelile, ifungue kwenye programu ya ramani ya QGIS pamoja na faili lako, toa moja kutoka nyingine. Kama faili lako lingekuwa na vipimo vipya vya Wajapani, ungeona makorongo na vilima vikibaki kwenye tofauti. Utaona karibu namba moja imetandazwa eneo zima, ikibadilika polepole mno, na michirizi midogo iliyotokana na kukata pikseli.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge huu. Miaka hiyo nilipeleka kijijini mchoro wenye kontua nzuri, nikaonyesha maji yatakapoingilia. Mzee mmoja akautazama, akauliza kwa upole kama nimewahi kufika hapo wakati wa masika. Korongo lenyewe lilikuwa na upana wa hatua saba, likipita upande wa pili wa mti niliouchora. Pikseli ya mita 30 hailijui korongo la hatua saba.

Je, faili halifai kitu? Linafaa, kwa kazi yake. Kuchora kidakio, yaani kujua mvua ya eneo gani itashukia lambo lako, hakuhitaji sakafu sahihi, kunahitaji tofauti ya kimo kati ya hapa na pale, na hiyo haikuharibika kwa kuhamishwa. Lakini kwa kidakio ningekushauri uiache hii uchukue Copernicus ya mita 30, inayoitwa GLO-30. Imetokana na setilaiti za Kijerumani za TanDEM-X, data zake ni za miaka ya 2011 hadi 2015, ni bure, na kimo chake ni cha jioidi ya EGM2008, hivyo itakaribiana na alama zako bila hesabu ya ziada. Ukikutana na AW3D30, hiyo kweli ni kimo kutoka ALOS, ila ni kutoka kamera yake ya PRISM na siyo rada, nayo ya bure ni ya mita 30 vilevile. Anayekuuzia au kukugawia mita 12.5 za kimo kutoka PALSAR, mshukuru, kisha mweleze.

Kwa tuta na utoro wa maji, yaani njia ya kutokea maji yaliyozidi, hakuna ramani ya bure itakayokuokoa. Vipimo vya SRTM vilivyohakikiwa barani Afrika vilionyesha kosa la hadi mita 5.6 kwa sehemu 90 katika 100. Malambo mengi ya mifugo huku kwetu yana tuta la kimo kama hicho. Hauwezi kupanga tuta la mita tano kwa kipimo kinachoweza kukosea mita tano. Hapo ni mpimaji, alama zilezile tatu ambazo bosi anazishuku, na siku mbili za jua. Droni inasaidia, mradi iwe imefungwa kwenye alama zilizopimwa ardhini, na uruke Septemba nyasi zikiwa zimeisha.

Swali lako la pili ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo rada ya kweli inaingia. Achana na PALSAR, tafuta Sentinel-1. Ni setilaiti za Ulaya, ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, na ASF wanahifadhi nakala zake zote. Hazijali mawingu wala usiku. Ile ya pili, Sentinel-1B, iliharibika Desemba 2021, na 1C ikarushwa Desemba 2024. Kwa miaka ya katikati tarajia picha moja kila siku 12, si zaidi. Kwa kufuatilia lambo linalokauka kwa miezi, hiyo inatosha kabisa.

Maji yaliyotulia ni kioo: wimbi linadunda kwenda mbele, halirudi, na mahali hapo panakuwa peusi. Rahisi mpaka utakapokutana na Dodoma. Kwanza upepo. Upepo wetu unayachafua maji, uso unakuwa na vijiwimbi, na lambo lililojaa linang'aa kama shamba. Tumia picha za mapito ya asubuhi, ambayo huku huwa karibu saa 12 na nusu, kabla upepo haujaamka. Pili, mchanga. Korongo kavu lenye mchanga laini nalo ni jeusi, na uwanja wa udongo uliosawazishwa vilevile. Dawa yake ni kulinganisha: chukua picha ya Oktoba, wakati unajua kabisa hakuna maji, uiweke pembeni ya ile ya Aprili. Kilichokuwa cheusi kote kuwili si maji. Tatu ni kinyume chake: penye matete, kama pembezoni mwa kinamasi cha Bahi, wimbi linagonga maji, linagonga bua, linarudi na nguvu zaidi. Hapo maji yanang'aa. Majaruba ya mpunga ya Bahi yanakuonyesha mambo yote mawili katika msimu mmoja: meusi yakijazwa maji, yakipauka kadiri mpunga unavyopanda.

Ukubwa nao una kikomo. Pikseli ya Sentinel-1 inaweza kuandikwa mita 10, lakini uwezo wake wa kutenganisha vitu ni kama mita 20, na picha ina chengachenga zake. Lambo la hekta moja utalifuatilia vizuri. Chini ya nusu hekta utakuwa unakisia.

Kuna hila moja ninayoipenda, nayo ndiyo ningeifanya kabla ya kuchimba chochote. Ukingo wa maji ni kontua: maji yenyewe yameichora, haina kosa la mita tano. Nenda kwenye lambo la jirani wakati wa kiangazi, pima sakafu yake kwa kifaa cha kimo ukianzia alama. Kisha chukua picha za Sentinel-1 za misimu mitatu minne, chora ukingo wa maji kwa kila tarehe, uulaze juu ya vipimo vyako. Kila ukingo unakupa kimo cha maji cha siku ile, na kimo kinakupa ujazo. Utajua lambo lilishuka kiasi gani kati ya Mei na Agosti, kwa mvuke na mifugo na kuvuja vyote pamoja, katika mwaka wa mvua nzuri na mwaka mbaya. Udongo wako ukifanana na wa jirani, umepata jibu ambalo hakuna kitabu kingekupa.

Kuhusu bando: picha ghafi ya Sentinel-1 ni gigabaiti kadhaa, usiipakue. ASF wana huduma ya kuchakata iitwayo HyP3, unaiagiza kutoka ukurasa wao wa Vertex ukishafungua akaunti ya bure ya NASA. Chagua zao la RTC, yaani picha iliyokwisha kunyooshwa, seva zao zitanyoosha picha kwa kutumia ileile GLO-30, wewe unapakua faili dogo lililo tayari kwa QGIS. Pakua mapema, zao hukaa siku 14 kisha hufutwa.

Mambo mawili ya mwisho ya kiufundi. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita huko kwenu Chamwino, kwa hiyo UTM, gridi ya ramani iliyogawanywa kwa kanda, inageuka kutoka ukanda wa 36 kusini kwenda wa 37. Chagua mmoja kwa kazi nzima, ama sivyo kidakio chako kitakatika vipande viwili. Na unapoandika namba za mahali (longitudo na latitudo) kwenye Vertex, longitudo hutangulia: 35.75, kisha -6.17 kwa Dodoma mjini. Ukizigeuza hutaona kosa lolote kwenye skrini, ila utakuwa unatafuta lambo baharini, nje kidogo ya Tangier kule Moroko.